Mwacheni, Ni Mwanangu

Siku Zabron alipoibiwa mkoba, kilichomkosesha usingizi hakikuwa mkoba.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa sita, saa nne asubuhi, baridi ya Tunduma inauma masikio na malori yamejipanga kuelekea mpakani hadi mwisho wake hauonekani. Zabron alikuwa wakala wa forodha, kijana wa miaka thelathini na moja kutoka Mbozi. Shati lake lilipigwa pasi hadi kola ikasimama yenyewe, na viatu vyake viling'aa hivi kwamba wenzake walimtania vinastahili kulipiwa ushuru. Kwapani alibana mkoba wenye hati za malori matatu. Alikuwa amesimama kwa mbadilisha fedha, anapiga soga na dereva mmoja wa Zambia, mara kwapa likawa tupu.

"Mwizi! Mwizi huyoo!"

Neno hilo likipigwa Tunduma, watu huacha chai mezani. Madereva, bodaboda, wauza machungwa, wote mbio. Mtoto mwenyewe hakufika mbali. Alikwama kati ya magurudumu ya lori, mvulana wa miaka kama kumi na minne, mwembamba, kaptula imefungwa kwa kamba. Wa kwanza akamzaba kofi, wa pili akaokota jiwe, wa tatu akaanza kuulizia petroli. Zabron alitaka mkoba wake, hakutaka mtu auawe. Alifungua mdomo aseme hivyo, sauti ikamkauka kooni. Aibu ya dakika ile alikaa nayo muda mrefu.

Hapo ndipo alipopitwa na mwanamke anayekimbia, gauni la kitenge cha manjano, futi ya fundi cherehani inaning'inia shingoni, kandambili mguu mmoja tu. Alijitupa juu ya yule mtoto akamfunika kwa mwili wake.

"Mwacheni! Mwacheni, ni mwanangu!"

Mwenye jiwe akasita. "Mama, mtoto wako ni mwizi."

"Ni mwizi wangu! Nitampiga mwenyewe, nitampeleka polisi mwenyewe. Kuna mwingine hapa aliyemzaa? Asogee!"

Nani asogee? Hata aliyekuwa anaulizia petroli alianza kutazama saa yake. Mwanamke akainuka, akamnyanyua mtoto, akamnyang'anya mkoba na kumtupia kifuani Zabron, aliyekuwa ameukodolea macho.

"Na wewe mwenye mali, umesimama kama mlingoti. Twende kituoni."

Zabron akafuata. Njia nzima alikuwa anapiga hesabu. Huyu dada hazidi miaka ishirini na saba. Mtoto ana kumi na minne. Moyo ukaanza kumwonea huruma, halafu ukaona kwamba shingo yake ni nzuri, halafu ukajionya.

"Samahani, dada," alisema mwishowe. "Huyu ulimzaa ukiwa na miaka mingapi?"

"Nani kakwambia nimemzaa? Ndiyo kwanza namwona leo."

"Ala! Si umewaambia watu wote wale..."

"Nimemdai. Kwetu tunasema: dai kwanza, timiza baadaye. Sasa nimeshasema ni wangu, itabidi awe wangu." Akamgeukia mtoto. "Unaitwa nani, mwanangu?"

"Amoni," mtoto akajibu, damu inamtoka puani.

Mwanamke aliitwa Enesi, Mndali wa Ileje, fundi cherehani pale sokoni. Yeye na wenzake kumi hivi walikuwa kikundi cha walezi wa kujitolea. Hawakulipwa hata nauli. Mtoto akikamatwa kwa kosa lake la kwanza, walikwenda kukaa naye kwenye dawati la watoto pale kituoni, wakamtafuta mlalamikaji, wakajaribu kuyamaliza kabla mtoto hajafikishwa mahakamani na kuanza kuitwa mshtakiwa. Mkubwa wao alikuwa Mama Mwanakombo, mwenye mgahawa wa chapati karibu na stendi.

Afande wa dawati, mwanamke mnene asiyependa maneno mengi, akamweleza Zabron utaratibu. Ukikubali, mtoto atakaa chini ya mlezi kwa miezi mitatu. Kila Jumamosi atakuja ofisini kwako kufagia, ili umwone kwa macho yako. Miezi ikiisha, ukiridhika, unasaini na faili linafungwa. Usiporidhika, linakwenda mahakamani.

Zabron akamtazama Amoni. Faili lilisema mama yake alivuka mpaka kwenda Nakonde kufanya biashara mwaka juzi, hakurudi. Shule aliachia darasa la sita. Alilala chini ya malori.

"Nakubali," Zabron akasema. Ukweli ni kwamba alikubali nusu kwa huruma na nusu kwa sababu ya ile futi shingoni. Mwanadamu ndivyo alivyo.

Kesho yake alikwenda sokoni na suruali.

"Naomba unipunguzie hapa chini, dada Enesi."

Keshokutwa, suruali nyingine. Wiki iliyofuata, mbili. Amoni, ambaye sasa alishinda pale akijifunza kukanyaga cherehani, alikuwa anacheka kimoyomoyo. Suruali ya sita ilipofika, Enesi aliiweka mezani akaikunjua taratibu.

"Kaka Zabron, hii nilishaipunguza wiki jana."

"Bado inaburuza."

"Nikiikata tena itakuwa kaptula. Unataka kurudi shule ya msingi?"

"Kama mwalimu ni wewe, naanza hata chekechea."

Enesi akainamisha kichwa asionekane anacheka, lakini mabega yalimsaliti. "Wewe unaongea! Hebu kaa hapo unywe chai, uache kunichosha."

Basi, ikawa hivyo. Simu zikaanza. Jioni Enesi akifunga kibanda, simu inaita.

"Umekula, fundi wangu?"

"Fundi wako tangu lini? Nina wateja mia."

"Hao wengine wana suruali ngapi?"

"Toka hapa! Halafu Jumamosi umempa Amoni soda, nimesikia. Alikuja kufagia, hakuja kunywa soda."

"Alipanga hati zangu kwa tarehe, mwenyewe bila kuambiwa. Mwenzangu Deus ana miaka mitano ofisini na hajui. Yule mtoto ana akili, Enesi."

Amoni alikuwa amemwingia Enesi moyoni kuliko watoto wote aliowahi kuwadai. "Asante kwa kumwona," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Mwezi wa nane, Jumapili moja, Zabron alimchukua Enesi hadi kwao karibu na Mbozi Mission. Enesi alivaa gauni jeupe lenye mikono mipana, alilishona mwenyewe, kilemba cha bluu kichwani. Kahawa ilikuwa imeanikwa uani, harufu imejaa hadi barabarani. Baada ya ibada, mama yake Zabron alimkalisha Enesi juu ya kigoda, akamtazama kucha, akamtazama viganja, akaona alama za sindano.

"Huyu anafanya kazi," alisema kwa Kinyiha, na Zabron akatafsiri huku masikio yanamwaka.

Walipokuwa wanashuka kuelekea barabarani, mkungu wa ndizi begani mwa Zabron, Enesi alishika ncha ya shati lake.

"Zabron."

"Naam."

"Mpenzi."

Ni neno moja tu, lakini mkungu wa ndizi nusura umwangukie mguuni.

"Rudia."

"Sirudii. Beba ndizi."

Ajabu ni kwamba tangu Jumapili ile Enesi alipunguza kicheko. Kesho yake Amoni hakuwepo kibandani. Alikuwa kwa Mama Mwanakombo anakanda unga. Zabron alipouliza, Enesi alisema tu, "Anajifunza na kazi nyingine," na macho yake yalikuwa mekundu. Zabron akadhani ni vumbi. Wanaume wakati mwingine huona vumbi mahali ambapo hakuna.

Wiki mbili kabla ya saini, alishindwa kuvumilia. "Enesi, nataka niwatume wazee wangu Ileje, kwa baba yako. Unasemaje?"

Enesi alishusha kitambaa. Furaha ilimjaa usoni, kisha akaizuia, mtu anavyozuia mlango usifunguke.

"Subiri kwanza faili la Amoni lifungwe. Ukishasaini, tutaongea."

"Kwani saini na sisi vina uhusiano gani?"

"Subiri tu, mpenzi wangu. Usiniulize."

Zabron akaondoka na neno hilo kama mtu aliyeingiwa na mwiba. Ofisini alimkuta Deus, mwenzake wa meza moja, mtu mwenye ulimi usiolala njaa. Akamweleza. Deus akacheka hadi akashika tumbo.

"Kaka, wewe ni msomi wa kodi, wa mapenzi bado. Kabla ya saini, 'mpenzi'. Baada ya saini, 'samahani, nipo bize'. Wale walezi wanapenda vitoto vyao vishinde kesi, basi."

"Enesi si mtu wa hivyo."

"Si alidanganya umati mzima mchana kweupe, tena bila kupepesa macho? Aliyewadanganya watu mia, wewe mmoja atakushindwa?"

Hilo la mwisho lilimwingia Zabron, maana alikuwepo. Aliuona uongo ule kwa macho yake, na siku ile aliupenda. Sasa ulimgeukia.

Jioni alipiga simu, na safari hii hakuuliza kama mtu amekula.

"Enesi, nijibu kitu kimoja. Nisiposaini, bado nitakuwa mpenzi wako?"

Kwa mbali cherehani ilisikika ikisimama.

"Nani amekutia maneno hayo mdomoni?"

"Nijibu! Au saini yangu ndiyo bei yenyewe? Ulijitupa juu ya yule mtoto ukamwita mwanao, kesho yake ukanichekea mimi. Ni kazi moja hiyo?"

"Zabron." Sauti ilitetemeka, kisha ikakauka. "Mimi nimetukanwa na polisi, nimetukanwa na walevi. Hawajawahi kuniita hilo uliloniita sasa hivi. Usinisainie mimi. Kama Amoni amekuridhisha, msainie Amoni. Kama hajakuridhisha, usisaini. Suruali yako moja imebaki hapa, nitaituma. Kwaheri."

Zabron alipiga tena. Simu haikupokelewa. Akapiga mara tisa. Ya kumi ilikuwa imezimwa.

Akakaa na hasira yake wiki nzima, akiilisha kwa maneno ya Deus. Jumamosi Amoni alikuja kufagia kama kawaida. Zabron hakumsemesha. Mtoto akapanga hati, akafuta meza, akasimama mlangoni.

"Bosi, Ijumaa utakuja?"

"Nitaona."

"Mimi nitakuja," Amoni akasema. "Hata usipokuja."

Ijumaa ikafika. Saini ilikuwa saa nane mchana. Zabron alitangulia kituoni saa saba na nusu, shati limenyooka, moyo umekunjamana. Alikusudia kumwambia afande kwamba anajitoa; mambo yaende mahakamani, na wanaochezea watu wakacheze huko.

"Afande, kabla mlezi wake hajafika, nina neno. Yule Enesi..."

"Enesi ametokea wapi?" Afande alikuwa anatafuta faili. "Mlezi wa huyu mtoto ni Mwanakombo."

"Hapana, ni Enesi."

"Alikuwa Enesi. Alijitoa." Akafungua faili, akalamba kidole, akafunua. "Tarehe kumi na moja mwezi wa nane."

Zabron akahesabu. Jumapili ya Mbozi ilikuwa tarehe kumi.

"Alijitoa kwa nini?"

Afande alikuwa amemsoma tangu alipoingia, kwamba amekuja na mdomo mchungu. "Haya si mambo ya kusomewa watu. Lakini nakuona unataka kuua kitu usichokijua." Akamgeuzia karatasi moja, mwandiko wa kalamu ya bluu, mistari mitatu.

*Mimi Enesi naomba mtoto Amoni apewe mlezi mwingine kuanzia leo. Sababu ni kwamba nimempenda mlalamikaji. Sitaki mtoto aje kulipishwa kwa ajili ya moyo wangu, wala mlalamikaji aje kusaini kwa ajili yangu.*

"Ndiyo sheria ya kikundi chao," afande alisema. "Ukimpenda mlalamikaji, unamwachia mtoto mwenzako. Na humwambii mlalamikaji kwamba umejitoa mpaka faili lifungwe, asije akaona deni. Alilia hapo ulipokaa wewe. Mtoto naye alilia, alidhani amemchoka."

Kumbe Zabron alikuwa anaombwa neno moja la heshima, subiri, na jibu lake lilikuwa tusi. Kumbe wakati anadhani ananunuliwa, mwenzake ameshalipa kwa kitu alichokipenda kuliko vyote, na hakudai risiti. Machozi yalimtoka pale pale mbele ya afande, na hakuyaficha.

Simu ya afande ikalia. Mama Mwanakombo alikuwa anapiga kelele hadi Zabron akasikia: "Amoni! Wamemkamata Amoni kwenye foleni ya malori! Wanasema kaiba!"

Zabron hakungoja kusikia zaidi. Viatu vile vinavyostahili ushuru vilikanyaga matope, vikakanyaga maganda ya miwa, kimoja kikachomoka akakiacha.

Amoni hakuiba kitu. Kosa lake lilikuwa kukimbia. Alichelewa, akaogopa faili lisije likafunguliwa bila yeye, akatimua mbio katikati ya malori na mfuko mkononi. Tunduma, mtoto wa mtaani akikimbia na mfuko, mtu hahitaji kuibiwa ndipo apige kelele. Walikuwa wameshamzunguka. Shati jeupe jipya, alilolishona Enesi kwa ajili ya siku ile, lilikuwa limechanika begani. Mkono wa mtu mmoja ulikuwa umeshainuka na nondo.

Mara hii sauti haikumkauka Zabron.

"Mwacheni! Mwacheni, ni mwanangu!"

Alipita katikati yao, akamkumbatia mtoto, mgongo wake ukaikabili nondo.

"Mwanao? Kaiba mfuko huyu!"

Zabron akautazama ule mfuko, akaikumbuka suruali iliyobaki kwa Enesi. "Ufungueni! Ndani kuna suruali. Ni yangu! Suruali yangu, mtoto wangu, ananiletea. Nani kati yenu aliyeibiwa suruali? Asogee, aivae tuone!"

Mmoja akaufungua. Kweli, suruali, imepigwa pasi, imekunjwa vizuri. Kicheko cha kwanza kilitoka nyuma, kikafuatwa na kingine, na nondo ikashuka. Lakini dereva mmoja mzee wa Zambia, mwenye koti la ngozi, hakuridhika.

"Baba yupo, sawa," alisema. "Mama yake yuko wapi? Mbona mtoto anazurura kwenye malori?"

Zabron akazidi kumbana mtoto kifuani.

"Mama yake ni mimi."

Umati uligeuka. Enesi alikuwa amesimama anahema, gauni lile la manjano, futi shingoni, kandambili zote mbili safari hii. Habari zilimfikia sokoni naye alikimbia. Hakumtazama Zabron. Alimpangusa Amoni uso kwa kiganja, akalipima tundu la shati kwa kidole.

"Hii nitaishona," alimwambia. "Usilie."

"Bamayo," yule dereva akamwita Enesi, yaani mama kwa lugha ya kwao, akivua kofia yake kwa heshima, "lindeni mtoto wenu." Na watu wakarudi kwenye chai zao.

Saa nane na robo Zabron alisaini. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, mwingine una soksi yenye tope. Alipoulizwa kama ameridhika na mtoto, alisema ameridhika naye tangu Jumamosi ya pili, na kwamba hakusaini kwa ajili ya mtu mwingine yeyote. Afande akagonga muhuri. Amoni aliuliza, "Basi? Ndiyo imeisha?" na Mama Mwanakombo akamwambia imeisha, twende ukale chapati, unanuka foleni.

Wakabaki wawili nje ya kituo.

"Enesi, nimeisoma barua yako."

"Najua. Afande hana siri."

"Nimekukosea. Sina cha kujitetea. Nilimsikiliza mwenye ulimi nikakuacha mwenye moyo. Nisamehe, mama wa watu. Kama huwezi leo, nitangoja. Safari hii sitauliza kwa nini."

Enesi alichungulia mguu wake wenye soksi. Alitaka kuendelea kukasirika, maana hasira alikuwa nayo ya kutosha. Lile neno la kwenye simu lilimuuma na bado lilikuwa linauma, na akamwambia hivyo, waziwazi, bila kumpunguzia. Zabron alilisikiliza lote hadi mwisho wake.

"Halafu lile ulilosema pale kwenye malori," Zabron akauliza polepole, Enesi alipomaliza. "Kwamba mama yake ni wewe, na baba yake nimeshasema ni mimi. Ulikuwa unamwokoa mtoto tu?"

"Wewe je? Ulikuwa unaokoa suruali?"

"Nilikuwa nadai."

"Basi unajua sheria yetu."

"Dai kwanza," Zabron akasema.

Enesi akavua futi shingoni, akainyoosha kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini mabega yalianza kutikisika kama siku ya suruali ya sita.

"Simama wima nikupime. Miezi mitatu unaniletea suruali, hujawahi kuniletea koti. Utakwendaje Ileje kwa baba yangu bila koti?"

Akampima mabega, pale pale nje ya kituo, watu wanapita.